Ulifungua Kitabu Kabla au Baada?

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumamosi. Nimekaa juu ya jiwe ambalo bado lina baridi ya usiku, jua limechomoza mgongoni kwangu, na mbele yangu kuna maji, kiasi cha hatua thelathini kama yangekuwa ardhi. Ng'ambo ya maji hayo, ukuta wa mafunjo.

Ndege mwekundu akatoka.

Alikuja kwa kupanda. Bua la funjo lilitikisika chini, likatikisika katikati, kisha akaonekana karibu na kile kichwa cha juu chenye nyuzi kama ufagio. Bua likapinda kwa uzito wake, akapinda nalo. Chini alikuwa mwekundu, wekundu wa damu mbichi. Mgongo mweusi. Juu ya kichwa, njano. Kwenye bawa lililokuwa upande wangu, mstari mweupe mmoja, umenyooka kama umepigwa kwa chaki. Akageukia ziwa. Akageuka tena. Akazama.

Sikupiga picha. Simu ilikuwa mfukoni na mikono yote miwili ilikuwa kwenye darubini, na hata kama ningeitoa, kwa umbali ule ningepata nukta nyekundu ndani ya kijani. Nilichofanya ni kuvuta daftari na kuandika huku mkono ukitetemeka.

Mwalimu alikuwa nyuma yangu, mbali kidogo, anasalimiana na wavuvi waliokuwa wanashusha dagaa. Nikamsikia anasema "Mwangaluka," wakamjibu, wakaanza habari za mvua. Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga, kwa sababu kelele ingemfukuza ndege ambaye tayari alikuwa ameondoka.

Wiki sita zimepita na asubuhi ile haijaniachia.

Wekundu wawili

Ukikaa Mwanza, gonoleki kichwa-cheusi umemsikia, hata kama jina lake hulijui. Yuko kwenye vichaka vya miamba, yuko kwenye nyua zenye michongoma, na asubuhi dume hupiga mluzi mzito, wa mviringo, jike akamjibu papo hapo kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Wanapishana kwa usahihi kiasi kwamba watu wengi huapa ni ndege mmoja. Kichwa chake ni cheusi chote, mabawa meusi matupu, chini mwekundu, jicho la njano. Ndege mzuri, na kwetu ni wa kila siku.

Yupo ndugu yake, gonoleki wa mafunjo. Naye ni mweusi juu na mwekundu chini, lakini utosi wake ni wa njano ya dhahabu, bawani ana mstari mweupe, na jicho lake ni jeupe. Jina la kisayansi, Laniarius mufumbiri, alipewa mwaka 1911, nalo linatokana na volkano za Mufumbiro, pale Uganda inapokutana na Rwanda na Kongo. Maisha yake yote ni mafunjo. Hujenga humo, hula wadudu humo, na kutoka nje ni nadra. Anapatikana Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo, magharibi ya Kenya na kaskazini-magharibi mwa nchi yetu, penye mafunjo ya kutosha.

Kwa hiyo sikuona kitu kisichowezekana. Niliona, kama niliona, kitu ambacho Mwalimu hajakiona hata mara moja katika ghuba hii, na amezitembea fukwe hizi zaidi ya miaka ishirini.

(Ghuba sitaitaja. Kuna watu wanaokuja na spika, wanapiga sauti ya ndege iliyorekodiwa ili atoke apigwe picha. Ndege anayelinda eneo lake husikia adui ameingia, anaacha kula, anaacha kiota, anakuja kupigana na spika. Kama yuko mmoja tu pale, au wawili, sitaki kuwa mimi niliyewaelekeza njia.)

Swali

Mwalimu alipofika kwenye jiwe nilikuwa nimesimama. Nilimweleza kwa pupa, maneno yakigongana. Alinisikiliza hadi mwisho, akakaa, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akanipa mimi kwanza.

"Binti yangu," akasema, "kitabu ulikifungua kabla ya kuandika, au baada?"

"Baada, Mwalimu. Niliandika kwanza."

"Yote?"

"Yote."

Akaomba daftari. Alifundisha biolojia sekondari mpaka akastaafu, na anashika daftari la mtu mwingine kama anavyolishika mwalimu, kwa ncha za vidole, mbali kidogo na macho. Alisoma. Akaligeuza likaelekea jua. Akasoma tena. Kisha akanirudishia bila kusema kitu, kidole chake kikiwa kwenye mstari wa nne.

Nimelifungua hapa ninapoandika. Mistari mitatu ya kwanza imepinda, herufi zinapanda juu ya mistari ya daftari na kushuka, neno "utosi" nimelikosea nikalifuta kwa kulikatakata: *1:10. Chini mwekundu, juu mweusi. Utosi njano. Mstari mweupe bawani. Peke yake. Amezama.*

Mstari wa nne umekaa vizuri. Herufi zimesimama, zimepangana, nukta zipo mahali pake. Kalamu ni ileile. Mkono si uleule.

*Jicho jeupe. Kifuani juu wekundu unaelekea rangi ya machungwa.*

Mkono uliotulia ni mkono wa mtu aliyekwisha kufungua kitabu.

Sikukumbuka kukifungua. Hilo ndilo lililonikaa rohoni. Nilipomwambia Mwalimu "yote," sikudanganya, nilisema nilichokijua. Lakini kitabu kilikuwa magotini, ukurasa wa gonoleki uko wazi, na majani mawili yalikuwa yameshikana kwa unyevunyevu wa kidole changu. Kati ya mstari wa tatu na wa nne nilisoma, nikaona jicho jeupe kwenye mchoro, na ubongo wangu ukalichukua jicho hilo ukaenda kulipachika kwenye ndege wa ng'ambo ya maji. Kwa upole sana. Bila kuniuliza.

Na mpaka leo nikifumba macho, ndege yule ananitazama kwa jicho jeupe.

Kazi yangu ya mchana

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu. Ninachapa mienendo ya mashauri mahakamani. Hakimu anaandika, mimi nachapa, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, ninachapa maneno ya mashahidi yakiwa karibu zaidi na yalivyotoka vinywani mwao. Kutwa nzima mikono yangu inapita kwenye sentensi zinazoanza na "niliona".

Ipo hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1980 ambayo hutajwa karibu kila panapobishaniwa utambuzi wa mtu. Nimeichapa ndani ya hukumu nyingine mara nyingi kiasi kwamba vidole vinaijua. Inasema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni miongoni mwa ushahidi dhaifu zaidi, na kabla ya kuutegemea lazima uulize: shahidi alimwona mtuhumiwa kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Alikuwa anamfahamu kabla, au ndiyo mara ya kwanza kumwona?

Jumatatu ile nikiwa kwenye daladala ya Nyegezi kuelekea mjini, nilimpandisha kizimbani yule mwanamke aliyekuwa juu ya jiwe.

Muda: nilikuwa nasema sekunde kumi. Nyumbani nilifumba macho, nikaiendesha picha yote kichwani, bua kutikisika, kupinda, kugeuka mara mbili, kuzama, huku mume wangu anaangalia saa. Sita. Mara ya pili, tano.

Umbali: hatua thelathini, darubini ya kukuza mara nane. Hapo nasimama imara.

Mwanga: jua lilikuwa mgongoni kwangu, chini, linampiga yeye usoni. Mwanga mzuri kuliko wote anaoweza kuupata mtu anayetazama ndege, lakini pia ni mwanga wenye dhahabu. Saa moja na dakika kumi, kila kitu upande ule kina unjano kidogo, hata yangeyange ukimtazama kwa haraka.

Kumfahamu kabla: hapana. Kamwe. Na hapo ndipo wakili yeyote wa utetezi angetia kidole.

Mahakamani, polisi wakitaka shahidi amtambue mtu asiyemfahamu, huandaa gwaride la utambuzi. Kabla ya gwaride shahidi hatakiwi kuonyeshwa mtuhumiwa wala picha yake, na maelezo ya sura ya mtu huyo anatakiwa awe ameyatoa mapema. Akionyeshwa picha kwanza, gwaride limeharibika, maana kinachotambuliwa pale ni picha. Nimechapa hoja hiyo sijui mara ngapi. Sikuwahi kufikiri kwamba mchoro wa kitabu unaweza kunifanyia jambo lilelile juu ya jiwe, kabla hata chai haijapoa.

Kovu

Hapa kuna jambo ambalo sikupanga kuliandika.

Miaka kadhaa nyuma nilichapa ushahidi wa mama mmoja aliyevamiwa nyumbani kwake. Sitasema wapi wala kesi ya aina gani zaidi ya hapo. Maelezo aliyoyatoa polisi siku ya tukio hayakutaja kovu. Mahakamani, miezi mingi baadaye, alisema kijana aliyemvamia ana kovu shavuni, akanyoosha kidole, na kijana aliyekuwa kizimbani alikuwa na kovu shavuni. Wakili wa utetezi alimsomea maelezo yake ya mwanzo polepole, neno kwa neno. "Kovu liko wapi hapa, mama?" Akasema alisahau kulitaja. "Ulisahau, au uliliona leo?" Akalia. Akasema naapa kwa Mungu nililiona kovu lile usiku uleule.

Kijana aliachiwa huru.

Nilipokuwa nachapa pale penye "naapa", moyoni nilimhukumu. Nilisema huyu mama amedanganya, na uongo wake umeiharibu kesi ambayo pengine ilikuwa ya kweli. Nilikuwa na hakika kwa sababu karatasi mbili zilikuwa mezani kwangu na hazikulingana. Nikafunga jalada, nikaenda kula.

Sasa naamini alikuwa analiona. Alipofumba macho usiku, kovu lilikuwepo, limekaa shavuni kama jicho jeupe lilivyokaa kichwani mwa ndege wangu. Huenda alikutana na kijana yule kwenye korido ya mahakama siku shauri lilipoahirishwa, huenda mara mbili, mara tatu, kwa sababu mashauri huahirishwa na watu wote hukaa kwenye benchi lilelile. Kila alipomwona, kovu lilirudi nyuma kidogo kuelekea usiku wa tukio, mpaka likafika.

Wakili alikuwa sahihi. Hakimu alikuwa sahihi. Mama hakuwa mwongo. Hayo matatu nimeyabeba wiki sita na hayataki kukaa mfuko mmoja.

Chavua

Mwalimu hakuniambia sikumwona. Wala hakuniambia nilimwona. Njia yake ni kutafuta kila mlango ambao ndege mwingine angeweza kupitia.

"Chavua," aliniambia Jumamosi iliyofuata. "Ndege akichokoa wadudu kwenye maua, paji la uso linajaa vumbi la njano. Nimewahi kumwona mnana mwenye kofia nikadhani ni kitu kipya duniani."

Niliandika: chavua.

"Na mstari wa bawani. Bawa jeusi likiwa na maji, jua likilipiga kwa pembeni, ukingo wa manyoya unang'aa mweupe."

Niliandika: maji, mng'ao.

Halafu tukakaa tunaipima. Gonoleki kichwa-cheusi wa kawaida, mwenye chavua utosini, na wakati huohuo mwenye maji bawani, na wakati huohuo anapanda bua la funjo badala ya kichaka alichozoea. Kila moja linawezekana. Yote matatu kwa sekunde tano zilezile, kwenye ndege mmoja? Mwalimu aliwaza muda mrefu. "Inawezekana," akasema. "Lakini mimi ningemtafuta yule mwingine."

Tukamtafuta. Jumamosi ya pili, hakuna. Ya tatu tulisikia mluzi ndani ya mafunjo na jibu lake la kuchana, nikasimama bila kupumua, na hakuna aliyetoka. Sauti haimalizi ubishi, kwa kuwa hawa wawili wanafanana sana kwa mlio na sikio langu halijafika huko. Kuingia ndani kumfuata haiwezekani. Mafunjo yale yana urefu wa watu wawili na zaidi, chini ni tope linaloelea, na hakuna mtu wa pale anayeingia kabla ya kuuliza kiboko kalala wapi.

Jinsi nilivyomharibu Bibi

Jumamosi ya nne tulimkuta Bibi mmoja anayekata mafunjo. Anayakata kwa mundu mfupi, anayafunga mizigo, anayaanika juu ya mawe mpaka yawe na rangi ya mkate, kisha anasuka mikeka na kuuza. Vidole vyake vina mipasuko midogo, myeusi, ya maganda ya funjo, ambayo anasema haitoki hata kwa sabuni. Kwa mahesabu yake ameingia na kutoka kwenye ukingo ule tangu akiwa na mtoto wake wa kwanza mgongoni, na mtoto huyo sasa ana wajukuu.

Kama kuna mtu aliyewahi kumwona ndege yule, ni yeye.

Tulisalimiana, nikashika miguu kama inavyotakiwa, tukaongea habari za maji, jinsi yalivyopanda mwaka 2020 na tena 2024, yakamlazimu kuhamisha mahali pa kuanikia. Halafu nikauliza. Mimi, ninayechapa mienendo ya mashauri, nikauliza hivi:

"Bibi, hujawahi kuona humu ndege mwekundu mwenye njano kichwani?"

Mwalimu alifumba macho.

"Yupo," akasema Bibi kwa furaha. "Mwekundu. Ana njano hapa." Akagusa paji la uso wake, juu ya kilemba.

Moyo ulinipasuka kwa furaha, halafu ukasimama. Njano nilimpa mimi. Kidole chake kilikwenda mahali nilipokipeleka. Kama ningeuliza, "Bibi, humu mna ndege gani?" na akaitaja njano mwenyewe, ningekuwa na shahidi wa pili aliyeishi na mafunjo haya kuliko kitabu chochote. Badala yake nilimuuliza swali la kumwongoza, akalijibu kwa ukarimu, kama mtu mstaarabu anavyomjibu mgeni aliyekuja na hamu machoni.

Nilijaribu kurekebisha. "Na bawa lake likoje, Bibi?" Akafikiri. "Jeusi," akasema. Nikangoja. Hakuongeza. Sikuthubutu kuuliza zaidi.

Inawezekana kabisa amemwona. Sitajua. Na hata akija mtu mwenye kuuliza vizuri kuliko mimi, atakuta njano imekwisha kukaa pale juu ya kilemba, na mimi ndiye niliyeiweka.

Mwalimu hakunilaumu. Njiani kurudi barabarani alisema neno moja tu, "pole", nami nilishukuru kwamba hakusema zaidi.

"Andika tu"

Rafiki yangu mmoja ambaye tunatembea naye mara mojamoja, kijana anayeyapenda mazingira mpaka analia, aliposikia habari hii aliniambia: "Dada, andika tu kwamba umemwona. Na jicho liandike. Itasaidia mafunjo."

Hoja yake si ya kipuuzi, na nilikaa nayo siku mbili.

Upande wa kaskazini wa ghuba ile, tangu tulipoanza kwenda, mafunjo yamerudi nyuma. Pamechomwa moto, pakalimwa mchicha na mahindi, udongo mweusi unaoanza kutumbukia ziwani kila mvua inaponyesha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kutoka kwenye mahindi yale mtu angeweza kunawa mikono ziwani bila kunyanyuka. Bibi wa mikeka si tatizo. Mafunjo yanayokatwa kwa mundu huchipua tena kutoka kwenye shina lililo chini, na amekuwa akivuna palepale maisha yake yote. Yanayochomwa na kung'olewa mizizi ndiyo yasiyorudi. Na yakiisha, maji machafu ya makorongo yote ya mji yanaingia ziwani bila kuchujwa, na vifaranga vya samaki wanaojificha kwenye mizizi hukosa pa kujificha, na gonoleki wa mafunjo, kama yupo, hana kwingine kwa kwenda. Hajui kuishi kwenye mahindi.

Kwa hiyo jina lake kwenye kumbukumbu, karibu na jina la ghuba ile, lingekuwa na uzito. Naitaka sana kumbukumbu hiyo. Nimeiota.

Lakini nawaza atakayekuja baada yangu na darubini nzuri kuliko yangu, akae juu ya jiwe langu wiki mbili, asimwone. Ataisoma kumbukumbu yangu. Ataona jicho jeupe, limeandikwa kwa hakika na mtu aliyekuwa hatua thelathini kwa sekunde tano, mara ya kwanza maishani kumwona ndege huyo, na atajua mara moja jicho lile limetoka wapi, maana naye ana kitabu hichohicho. Baada ya hapo hataamini hata utosi. Na utosi niliuona.

Utosi niliuona.

Naandika hivyo mara mbili kwa sababu ndicho kitu ambacho mkono wangu wa kutetemeka unakishuhudia, na sitaki mkono uliotulia ukiharibu.

Nilichopeleka

Kumbukumbu za ndege wa Tanzania hukusanywa, na wapo watu waliotumia sehemu kubwa ya umri wao kuzipanga, eneo kwa eneo, za spishi zaidi ya 1,100. Wanapokea pia za watu wa kawaida kama mimi. Wiki iliyopita niliandika yangu.

Niliandika saa, umbali, darubini, upande wa jua. Niliandika mistari mitatu ya kwanza kama ilivyo, pamoja na neno nililolifuta. Niliandika kwamba kitabu kilifunguliwa dakika chache baadaye, na kwamba kuna mstari wa nne ambao siupeleki. Niliandika chavua na mng'ao wa maji kama njia mbili ambazo ndege wa kawaida angeweza kupitia, na kwa nini sidhani alizipitia zote mbili kwa pamoja. Kuhusu Bibi niliandika kwamba niliuliza vibaya, kwa hiyo jibu lake lisihesabiwe.

Palipokuwa na nafasi ya jicho, niliandika: *Sikuliona.*

Nilikaa muda mrefu na neno hilo kabla ya kulituma. Lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu ninaliona.

Mwalimu aliisoma mara mbili, akaligeuza lile karatasi likaelekea jua kwa mazoea, ingawa safari hii limechapwa na hakuna mwandiko wa kuchunguza. Akasema anadhani nilimwona. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu siku ya kwanza.

"Ungeniamini mimi," akasema.

Jumamosi iliyopita tulikuwa pale tena. Saa moja kasoro, mwanga bado mchanga, mitumbwi inarudi na taa zake zimezimwa. Kwenye kichaka kilicho ukingoni mwa mafunjo, hatua chache tu kutoka mahali pale, mluzi ukapigwa, jibu likachana, na ndege mwekundu akapanda mpaka juu akasimama wazi kabisa. Mapigo ya moyo yalinifika masikioni. Sikutazama utosi wala bawa. Nilipeleka darubini moja kwa moja usoni, nikasubiri ageuke.

Akageuka. Jicho la njano. Kisha kichwa, cheusi chote. Kisha bawa, jeusi tupu.

Nikaandika kwa mpangilio huohuo, jicho kwanza, kitabu kikiwa ndani ya mkoba na zipu imefungwa.